Miguu Minne Chini

Tulimwita Fardhi kwa rangi yake,
weusi wa ile tende inayochelewa kuiva,
tende ya kuweka, si ya kuonja ukapita.
Mwalimu Muhanna hakucheka.
"Fardhi ninazozijua ni tano," alisema juu ya ukuta,
"hii ya sita umeitoa bonde gani?"

Bonde nililijua. Nusu mbwa, nusu mifupa,
alitoka chini ya daraja siku maji ya wadi yalipokata barabara ya Ibra,
akanifuata hadi getini kama deni.

Kosa lake lilikuwa moja: furaha.
Kila aliyesukuma geti alirukiwa kifuani:
mleta gesi, Rayya na sare yake ya shule,
na adhuhuri ya Ijumaa Mwalimu mwenyewe,
aliyekatiza uani kwetu kwenda msikitini,
udhu mbichi, kanzu imepigwa pasi
hadi ingeweza kusimama peke yake.
Nyayo mbili za tope la falaji, hapa na hapa.
Akarudi kwake kuosha mara saba, moja kwa udongo.
Jamaa ikaswaliwa bila yeye,
na mimi jioni nikasimama mlangoni pake
na sahani ya halua isiyopokelewa.

Basi tukaanza. Saa kumi na moja alfajiri,
kabla saruji haijawa kikaango,
natoka, naingia, natoka, naingia,
mgeni wa nyumba yangu mwenyewe.
Akiruka, nampa mgongo.
Si kofi, si goti, si "we mbwa!",
maana hata matusi kwake ni mazungumzo.
Mgongo tu, mikono kwapani, macho kwenye mtende.
Akishuka, miguu minne chini,
hapo ndipo nageuka, nainama, natoa kipande cha kuku
na neno moja, la chini,
kama la mtu anayefunga mlango wa mtoto aliyelala.

Mgongo ni kazi ngumu.
Jaribu wewe kumnyima salamu anayekupenda,
hesabu kumi, hesabu ishirini,
ukisikia kucha zinatafuta pindo lako.

Na nyumba nzima iwe na sheria moja, ndiyo shida.
Rafiqul wa bustani alimfungulia mikono kwa siri;
wiki mbili za mgongo zikamwagika kwa kicheko kimoja.
Nikamkalisha Rafiqul. Nikamkalisha Rayya.
Nikampigia simu mwanangu Azzani, huko Duqm:
"Ukija, usimsalimie. Usimtazame.
Mpe mgongo mpaka atulie."
"Mama," akasema, "siku arobaini na tano sijafika nyumbani."
"Hata kama."

Alhamisi ile nilikuwa na unga hadi kwenye viwiko.
Geti likalia.
Fardhi akatoka kama risasi, vumbi nyuma,
akafika mbele ya viatu vya kazi
na pale, wallahi, akafunga breki.
Matako chini. Mkia ukifagia changarawe,
mwili mzima ukitetemeka kama chungu kinachotaka kufoka,
na miguu ya mbele imegandamizwa ardhini
kama iliyopigiliwa misumari.
Azzani naye mgongo, kama alivyoagizwa,
ameikabili barabara, begi begani,
shingo imekonda, imebabuka kwa jua la bandarini.

Ile shingo.
Sikumbuki kuvuka ua.
Najua ndara moja ilibaki kizingitini mwa jiko.
Najua aligeuka kwa kishindo changu,
na begi likaanguka,
na nilipomwachia kumtazama vizuri
alikuwa na viganja viwili vya unga kifuani,
hapa na hapa.

Mwalimu Muhanna alikuwa akipita, upande wa mbali wa barabara,
upande aliouzoea siku hizi. Akasimama.
"Kuna mmoja hapo," akasema, "bado hajafuzu."
Na kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa
akavuka.

Fardhi alikuwa amekaa vilevile.
Akanitazama mimi, kisha mkono wangu,
kisha mimi,
akingoja kuku wake.